Saratani ya Mitoki na Askari wa Mwili

Limfoma ni saratani ya mitoki, nayo huzishika zile chembe nyeupe za damu ambazo kazi yao ni kuulinda mwili. Wengi hudhani kuwa ukali wake wategemea chembe zenye saratani peke yake. Lakini uvimbe ni kama kijiji: mna wenyeji na wageni, na mwisho wa mgonjwa hutokana na wote.

Dalili ya jambo hili ilionekana Afrika Mashariki zamani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza habari za uvimbe wa taya uwapatao watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa hata Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ikadhihirika kuwa karibu na ikweta uvimbe huo ni nadra katika nchi zipitazo mita 1,500 hivi. Mlima Kilimanjaro waonyesha vema sababu yake. Mji wa Moshi u mita 800 hivi juu ya bahari, na tambarare iliyo chini yake ina joto na mbu. Apandaye kwenda Kibosho au Marangu hukuta baridi, na malaria hupungua.

Basi kilichoweka mpaka ni malaria. Virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe huohuo, hukaa ndani ya watu wengi mno bila madhara, kwa kuwa askari waitwao chembe T huvizuia. Malaria ya mara kwa mara huwachosha askari hao.

Siku hizi kipande cha uvimbe hutiwa dawa zinazoonyesha alama za kila chembe: CD8 ni alama ya askari wauao, na CD68 ni ya chembe walaji. Katika uvimbe wa Burkitt walaji hao huonekana katika hadubini kama nyota angani, wakimeza chembe zilizokufa. Katika limfoma ya Hodgkin chembe za saratani aghalabu ni 1 tu katika 100 hivi. Nyingi ya zilizosalia ni za kinga. Uchunguzi wa Kanada uliotangazwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa penye CD68 nyingi, maisha ya mgonjwa yalielekea kuwa mafupi. Maana mlaji aweza kugeuka, akaulisha uvimbe na kuwazuia askari: kikulacho ki nguoni mwako. Chunguzi nyingine hazikukubaliana daima. Kwa hiyo alama hizo ni ushahidi, si hukumu.

Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa mlimani na wa tambarare. Lakini alama haisomeki mpaka kipande kikatwe, na uvimbe wa Burkitt waweza kukua maradufu kwa siku chache tu. Dawa huuyeyusha upesi ukiwahiwa. Kwa hiyo mtoto ambaye taya lake limevimba na meno yamelegea kabla ya wakati, hafai kungojeshwa nyumbani.