Redio Ndogo na Milima ya Tanganyika

Mvuvi wa dagaa atokaye Ujiji usiku, karabai zikiwaka, akikumbwa na upepo wa kusi katikati ya ziwa, redio yake ya mkononi haitamfikisha mbali. Mawimbi mafupi mno husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Antena zikiwa mita 2 juu ya maji, mitumbwi miwili husikilizana kwa kiasi cha kilomita 12. Kuongeza nguvu husaidia kidogo sana.

Dawa ni kimo. Kituo cha kupokezana, yaani ripita, kikiwekwa mlimani mita 400 juu ya ziwa, upeo hufika karibu kilomita 88. Nkungwe ya Mahale, yenye kimo cha mita 2,462, ingefikisha yapata 175. Lakini nani atapandisha betri hadi kule?

Ugumu ni kwamba ripita husikia na kusema kwa wakati mmoja, na sauti yake huliziba sikio lake. Masafa yakitengana kilohezi 600 tu, vichujio vizito huhitajika. Kwa mtambo wa kubebwa mgongoni, wapenzi wa redio wenye leseni wafanye majaribio kwa kupokea megahezi 145 na kurusha 433. Kichujio chepesi kitatosha. Mvuvi ana masafa yake ya majini, ila hesabu ya kimo ni ile ile.

Mtambo wa wati 5 hula yapata ampea 1.5 ukirusha, 0.1 ukisikiliza. Ukirusha saa 4 na kusikiliza saa 20, ni ampea-saa 8 kwa siku. Betri ya 20 itavuka siku mbili za mawingu.