Kupiga Picha za Muziki Usiku Bila Kumulika Watu



Katika Kivu muziki umekuwa njia mojawapo ya kukutanisha watu ambao vita imewatenganisha. Wengi wanaijua Festivali Amani, iliyoanza Goma mwezi wa pili 2014 katika uwanja wa Chuo Mwanga. Lakini hata kambini, gitaa moja, ngoma mbili na kipaza sauti vinatosha kukusanya watu jioni. Baadaye kila mmoja anataka picha: wanamuziki, wazazi wao, na mashirika yanayosaidia. Nyingi hutoka nyeusi au zenye ukungu, na nyingine zinaonyesha nyuso za watu ambao hawakutaka kuonekana. Mara nyingi matatizo hayo mawili yanatoka mahali pamoja, yaani kwenye flashi.

Kwetu jua linazama saa kumi na mbili na dakika chache, na baada ya nusu saa hivi giza limeshika. Hapo simu au kamera huwasha flashi yenyewe. Mwanga wa flashi hupungua haraka sana: ukisimama mbali mara mbili, unaofika ni robo tu. Flashi ya simu haivuki mita tatu kwa nguvu ya maana. Mwimbaji aliye mita kumi haupati, ila mama aliyekaa mbele yako na mtoto wake wanamulikwa kabisa. Basi izimeni kabla ya kuanza.

Bila flashi, kamera inahitaji mambo matatu: tundu pana la lenzi, muda wa kutosha wa kupokea mwanga, na wepesi wa kuhisi mwanga, unaoandikwa ISO. Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi atafute lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8. Ni ya bei nafuu kuliko nyingi, na hupitisha mwanga karibu mara kumi kuliko lenzi ya kawaida ya 18-55 ikivutwa hadi mwisho, kwenye f/5.6. Kwa mwimbaji aliyetulia, 1/125 ya sekunde inatosha. Kwa mcheza ngoma jaribu 1/250. ISO ipande hadi 1600 au 3200. Picha itakuwa na chembechembe, lakini chembechembe si kitu; picha iliyotikisika ndiyo haina dawa.

Mwenye simu asivute picha kwa vidole, asogee kwa miguu. Apanguse lenzi kwa kitambaa laini, maana mafuta ya vidole hufanya kila taa iwe na wingu. Aguse uso wa mwimbaji kwenye kioo, kisha apunguze mwanga kidogo. Simu ikiona giza kubwa nyuma ya jukwaa huongeza mwanga kupita kiasi, na uso hubaki doa jeupe. Ile hali ya usiku iliyomo katika simu mpya hukusanya picha kadhaa kwa sekunde chache. Inafaa kwa jukwaa na umati uliotulia, haifai kwa wanaocheza.

Halafu subiri. Mwimbaji akimaliza mstari hutulia kidogo ili avute pumzi, na wakati huo uso wake unaonekana bila kufunikwa na kipaza sauti. Subiri pia taa nyeupe au ya manjano, kwani nyekundu hula sura yote. Taa zinazotegemea jenereta zikitia mistari kwenye picha, shusha hadi 1/100 au 1/50.

Sasa upande wa watu. Kati ya waliokuja kusikiliza wamo waliokimbia wenye silaha, na wamo waliotendewa ukatili ambao hawajamwambia mtu. Picha moja ikizunguka kwenye simu inaweza kumwambia adui wao wanakaa wapi. Kwa hiyo mwenye kipaza sauti atangaze mapema kwamba picha zitapigwa, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za kambi, na kamati itenge upande mmoja ambao kamera haielekezwi. Watoto, waulizwe wazazi. Askari na polisi wasipigwe. Zimeni pia kile kinachoandika mahali ndani ya picha.

Ukitaka kuonyesha kwamba watu walikuwa wengi, simama nyuma yao ukitazama jukwaa. Vichwa na mikono iliyoinuliwa vitakuwa vivuli vyeusi mbele ya taa. Kwa maoni yangu picha hiyo inapendeza kuliko safu ya nyuso zilizoshtuka, na haimtaji mtu.

Kesho yake mchana, kamati ione picha kabla hazijatumwa popote. Anayesema yake ifutwe, ifutwe mbele yake, pamoja na kwenye kapu la taka la simu, kwa sababu simu nyingi huendelea kuihifadhi humo siku 30 hivi.