Uanagenzi wa Mtandaoni: Kabla ya Kukubali, Uliza Nani Atakagua Kazi Yako

Tangazo hufika kwenye kundi la WhatsApp, mara nyingi jioni: nafasi za uanagenzi wa mtandaoni, miezi mitatu, kazi ni kuandaa mafunzo, tajriba haihitajiki. Kwa mhitimu wa ualimu kutoka Belgut au Konoin anayengoja kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu huku akiisaidia familia kuchuna chai, hilo si tangazo la kupitwa hivi hivi. Atafanya kazi akiwa nyumbani, bila nauli na bila kupanga nyumba Nairobi. Lakini miezi mitatu ni miezi mitatu, na bando hununuliwa kwa pesa.

Kazi yenyewe ni usanifu wa mafunzo. Waajiri huiandika kwa Kiingereza, "instructional design", na anayetafuta nafasi mtandaoni hana budi kutumia jina hilo. Wanaohitaji wasanifu ni vyuo, mashirika yasiyo ya kiserikali, benki, hospitali na kampuni zenye wafanyakazi wengi wa kufunzwa kwa wakati mmoja.

Mwalimu darasani huona nyuso za wanafunzi wake, na wakikwama hurudia. Msanifu wa mafunzo hana bahati hiyo. Yeye huandaa somo la mtu asiyemwona, atakayelisoma kwa simu, pengine saa tano usiku baada ya zamu. Kwa hivyo huamua mapema mambo mawili: mwanafunzi akimaliza aweze kufanya nini, na ni kitu gani kinachomzuia kukifanya leo. Video, picha, sauti na maswali huja baada ya hapo. Wengi wanaoanza kazi hii huanzia kwenye video.

Hatua zinazofuatwa na wasanifu wengi zilipangwa mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Florida State, Marekani, kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo. Ni tano: kuchambua mahitaji, kusanifu, kuunda, kutekeleza na kutathmini. Mtu anaweza kuzikariri kwa dakika kumi, na hapo ndipo cheti cha kozi fupi kinapomdanganya mwenyewe. Kuzitaja hatua tano si sawa na kukaa na mkulima, muuguzi au dereva ukagundua kwamba ulidhani tatizo lake ni hili kumbe ni lile.

Kenya ina mifano yake. Mwaka 2005 shirika la Amref, Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture walianzisha masomo ya mtandaoni ya kuwapandisha wauguzi kutoka kiwango cha cheti hadi stashahada. Waliohitaji masomo hayo walizidi 20,000. Vyuo havikuwa na nafasi ya idadi hiyo, na kuwaondoa wodini kungeziacha hospitali bila wahudumu. Masomo yakawafuata kazini. Swali kubwa katika mpango wa aina hiyo si kompyuta zitatoka wapi, ingawa nalo si dogo. Ni kuamua lipi muuguzi anaweza kulisoma kwenye skrini na lipi sharti alifanye kando ya kitanda cha mgonjwa, msimamizi akiangalia.

Mfano wa pili uko kwenye chai. Mwaka 2006 KTDA, ikisaidiwa na kampuni ya Unilever, ilianza kuwafunza wakulima wadogo kwa mtindo wa shamba darasa, ambao ulizaliwa Indonesia mwaka 1989 miongoni mwa wakulima wa mpunga chini ya shirika la FAO. Kikundi cha watu wapatao 30 hukutana shambani mara kwa mara. Hawahutubiwi. Hugawa kipande cha chai, huku wakichuna kila baada ya siku saba, kule kila baada ya siku kumi na nne, kisha wanapima wenyewe kilo na ubora wa majani. Mkulima anayeona tofauti kwenye mizani hahitaji kusomewa kijitabu. Huo ni usanifu wa mafunzo, na hautumii hata kompyuta moja.

Tuseme sasa mwanagenzi wa Kapkatet amepewa kazi yake ya kwanza: kuandaa somo fupi la simu kwa wachunaji wapya wa majani chai. Rasimu ya kwanza ya mtu yeyote aliyetoka chuoni inaweza kubashiriwa. Itaanza na historia ya chai Kericho, itaeleza kwamba jina la kisayansi ni Camellia sinensis, itaorodhesha nchi zinazonunua chai ya Kenya, na mahali fulani katika ukurasa wa kumi na sita itasema mchunaji achukue majani mawili na chipukizi. Hakuna kosa lolote la ukweli ndani yake. Mchunaji atakuwa amemaliza bando lake katika ukurasa wa nne.

Msimamizi mzuri hatamwambia mwanagenzi huyo "kazi nzuri, endelea". Atamuuliza: kesho asubuhi mtu huyu akisimama mbele ya kichaka, mkono wake ufanye nini tofauti na jana? Jibu ni jepesi kulitamka. Atofautishe chipukizi lililo tayari, lile ambalo bado, na lile lililopita na kuwa gumu. Asilijaze jani kapuni kwa kulikandamiza, kwa sababu jani lililobanwa hupata joto na kuharibika kabla ya lori kufika. Ajue kwamba majani magumu yatarudishwa kwenye kituo cha kununulia. Historia ya chai inaondoka yote. Somo la kurasa ishirini linabaki la picha sita na maswali manne, na sauti inayoeleza kwa Kipsigis, kwa kuwa wapo wachunaji wanaosikia vizuri zaidi kuliko wanavyosoma.

Halafu linajaribiwa. Mwanagenzi anampa jirani simu, anakaa kando, ananyamaza. Kunyamaza huko ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii. Jirani anachagua picha isiyo sahihi mara mbili, na mwanagenzi anatamani kumweleza. Asimweleze, kwa sababu hatakuwepo kumweleza mtu wa mia moja. Akitazama tena huenda akagundua kwamba jirani anachagua kwa rangi badala ya kuhesabu majani, kwa sababu picha moja ilipigwa kivulini na nyingine juani. Kosa ni la picha. Zinapigwa upya saa ile ile ya siku, zikiwa na kidole kinachoonyesha mahali pa kukatia.

Ujuzi huo haupatikani kwa kutazama mihadhara. Mtu hujifunza kuandaa masomo kwa kuandaa somo, likakwama mbele ya mtumiaji halisi, mtu anayejua zaidi akaonyesha lilipokwama, na likaandaliwa tena. Jambo la kuuliza kuhusu uanagenzi wowote wa mtandaoni, basi, ni kama mzunguko huo umo ndani yake. Nani atasoma kazi yangu? Kwa wiki mara ngapi? Ataandika maoni, au tutaonana kwa video? Somo nitakalolitengeneza litamfikia mwanafunzi halisi, na nitaruhusiwa kuona alivyolitumia? Mwenye nafasi ya kweli huyajibu maswali haya kwa sentensi mbili tatu. Anayejibu kwa kusifia cheti hana msimamizi wa kumpa mwanagenzi.

Ipo pia nafasi ambayo si utapeli lakini haifunzi. Mwanagenzi anapewa hati za kurasa mia na kuambiwa azinakili kwenye slaidi, wiki baada ya wiki. Hiyo ni kazi ya kuchapa. Ni kazi halali, ila ina malipo yake sokoni na haifai kufanywa bure kwa jina la mafunzo.

Utapeli wenyewe hutambulika kwa urahisi. Huomba ada ya "usajili" au ya "vifaa" kabla ya kazi kuanza, hutaka nakala ya kitambulisho na nambari za benki siku ya kwanza, na mawasiliano yake yote ni kwa simu moja isiyo na ofisi nyuma yake. Kwa shirika linalodai kuwaunganisha watu na ajira, swali la kwanza ni kama limesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Aliyekwisha kutuma pesa apige ripoti kituo cha polisi akiwa na ujumbe wa muamala, hata kama ni kiasi kidogo, na asiufute.

Kuhusu malipo, nafasi nyingi za aina hii hazilipi. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa wanaojitolea mtandaoni, uliopo tangu mwaka 2000, husema hivyo waziwazi: kazi haizidi saa 20 kwa wiki wala wiki 12, haina malipo, na anayejitolea sharti awe ametimiza miaka 18. Kipimo hicho kinafaa kutumiwa hata nje ya mpango huo. Saa chache kwa wiki, muda unaojulikana unakwisha lini, na nafasi ya kuendelea na shughuli nyingine inayoleta chakula nyumbani. Nafasi isiyolipa inayomtaka mtu kutwa nzima kwa nusu mwaka inamgharimu mwanagenzi kuliko inavyomfunza, na familia inayomlisha ina haki ya kusema hivyo.

Saa za kazi nazo zipangwe mapema. Ofisi ya New York ikifunguliwa saa tatu asubuhi, Kericho ni saa kumi au saa kumi na moja jioni, kutegemea msimu wanapobadilisha saa zao. Huo ni wakati ambao mvua ya alasiri imekwisha kunyesha na pengine umeme umekwenda nayo. Mwanagenzi aombe maoni ya maandishi kwa siku za kawaida na kikao cha video mara moja kwa wiki, na ahifadhi kazi kwenye simu pia, si kwenye kompyuta pekee.

Vifaa si kizuizi kikubwa kama inavyodhaniwa. Moodle, programu ya masomo ya mtandaoni iliyotolewa mwaka 2002, ni ya bure, na H5P, inayotumiwa kutengeneza maswali na picha za kubofya, ni ya bure vilevile. Programu za kulipia zipo na waajiri wa nje huzitaja, lakini anayejua kupanga somo hujifunza programu mpya kwa wiki chache. Asiyejua kupanga somo hutengeneza somo baya lenye rangi nzuri. Kwa asiye na msingi wa kompyuta, mpango wa Ajira Digital, ulioanzishwa na serikali ya kitaifa mwaka 2016, hutoa mafunzo ya bure ya kazi za mtandaoni kama vile kunukuu sauti kwa maandishi na kuingiza data. Ni mahali pazuri pa kuanzia kabla ya kuomba nafasi ya usanifu.

Haja ya masomo yaliyopangwa vizuri ipo hapa hapa. Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua ugavi wa vifaa kwa wahamasishaji wa afya ya jamii takriban 100,000 kote nchini, simu zikiwemo za kurekodi taarifa za kaya. Kila mabadiliko katika simu hizo yanahitaji somo fupi linaloeleweka na mama wa makamo mlimani Londiani kama linavyoeleweka na kijana wa mjini. Kwenye mashamba makubwa ya chai, mashine za kuchuna zimechukua kazi za watu wengi. Mei 2023 hasira juu ya mashine hizo ziligeuka ghasia Kericho na baadhi yake zikateketezwa. Somo la simu halitarudisha kazi hizo. Lakini anayetaka kuhamia kazi nyingine atahitaji kufunzwa, na ubora wa mafunzo hayo utaamua kama miezi yake itakuwa imepotea.

Asiyepata nafasi yoyote anaweza kuanza bila ruhusa ya mtu. Chama cha akina mama kinachotaka kuelewa riba ya mkopo, zahanati inayorudia maelezo yale yale ya chanjo kila Jumatano, bodaboda wanaotaka kujua bima yao inalipa nini: kila kikundi kina somo moja kinachohitaji. Mwalimu wa zamani au mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kabianga akikubali kuikagua kazi mara moja kwa wiki, huo tayari ni uanagenzi.

Mwombaji aweke pamoja masomo mawili yaliyokamilika na rasimu ya kwanza ya mojawapo, pamoja na maelezo ya kilichobadilishwa na sababu yake. Kabla ya kumpiga mkulima picha au kurekodi sauti yake, amweleze itatumika wapi na apate idhini yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu hata wanaojifunza. Kwa picha ya mtoto, idhini hutoka kwa mzazi au mlezi.