KUFUNDISHA JIOGRAFIA KWA KUPANDA MLIMA: MFANO WA MILIMA YA UPARE

Mtoto wa shule ya msingi mjini Same akiulizwa mlima hutokeaje, aghalabu hujibu upesi kwamba mlima hutokana na volkano. Jibu hilo amelipata kitabuni, penye picha ya Kilimanjaro. Lakini mlima auonao kila asubuhi afunguapo mlango wa nyumba yao haukutokana na volkano hata kidogo. Hivyo mtoto huyu ameyajua ya mbali, na yaliyo mbele ya macho yake hajayajua. Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamikia tabia ya kudhani kwamba maarifa yote ya maana hutoka vitabuni. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi mwalimu awezavyo kuutumia mlima wenyewe kuwa somo, tukichukua Milima ya Upare kuwa mfano.

Asili ya milima hii

Yampasa mwalimu aufahamu mlima kabla ya kuwapeleka watoto. Milima ya Upare imegawanyika sehemu mbili: Upare ya Kaskazini, iliyomo wilayani Mwanga, na Upare ya Kusini, iliyomo wilayani Same. Kilele kilicho kirefu kuliko vyote ni Shengena, chenye mita 2,462, katika Upare ya Kusini. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, yaani mfululizo wa milima unaoanzia Taita nchini Kenya na kupitia Upare, Usambara, Uluguru na mingineyo hadi Udzungwa.

Miamba yake ni ya kale sana. Iligeuzwa kwa joto kali na mgandamizo mkubwa chini kabisa ya ardhi, yapata miaka milioni 600 iliyopita. Alama ya kugeuzwa huko huonekana kwa macho: mahali barabara ilipokatwa mlimani, jiwe lina mistari myeusi na myeupe iliyopindana kama nyuzi za mkeka. Mwamba wa namna hii huitwa naisi. Baadaye sana ardhi ilipasuka kwa nyufa ndefu, na mapande makubwa yakainuka huku ya jirani yakibaki chini. Hiyo ndiyo sababu upande mmoja na mwingine wa milima hii una magenge ya kusimama yanayoshuka ghafla hadi tambarare. Kilimanjaro, kinachoonekana kutoka vilele vya Upare siku isiyo na mawingu, hakijafikia umri wa miaka milioni 3. Kwa hiyo mlima mfupi ndio mzee, na mrefu ndio kijana. Jambo hili huwashangaza sana watoto, na mshangao huo ni mlango mzuri wa somo.

Ili kuonyesha jinsi mapande ya ardhi yanavyoinuka, mwalimu hahitaji vifaa vya gharama. Na achukue vipande vitatu vya mbao, avisimamishe kwa kubanana, kisha akisukume juu kile cha katikati. Watoto wataona mara moja kwamba kipande hicho kimekuwa mlima wenye kingo zilizosimama, bila moto wala majivu.

Hali ya hewa na uoto

Mji wa Same uko takriban mita 870 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi kilele cha Shengena ni tofauti ya karibu mita 1,600. Kwa kuwa joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 0.6 za Selsiasi kila tupandapo mita 100, wanafunzi wanaweza kukokotoa wenyewe: 16 mara 0.6 ni nyuzi 9.6. Hivyo Same ikiwa na nyuzi 30, kileleni tutarajie nyuzi 20 hivi. Hesabu iliyofanywa darasani na kupimwa baadaye kwa kipimajoto mlimani haisahauliki kwa urahisi.

Kadhalika mvua hubadilika. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hubeba unyevu, na zikiukuta mlima hupanda, hupoa, na unyevu wake huwa mawingu na mvua. Ndiyo maana miteremko inayoelekea mashariki na kusini ina mvua nyingi. Pepo zikivuka upande wa pili huwa zimekwisha kuacha maji yake, na Same iliyo upande huo hubaki kavu. Mpandaji huyaona mabadiliko haya njiani: chini huacha mibuyu, migunga na mashamba ya mkonge, katikati hupita migomba na kahawa, na juu huingia msitu wa ukungu wenye miti mikubwa iliyofunikwa kuvumwani. Katika msitu wa Chome, unaozunguka Shengena, yumo ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni ambaye aina yake haipatikani penginepo duniani.

Maji, msitu na uhai wa watu

Hapa ndipo somo linapogusa maisha ya mtoto mwenyewe. Msitu wa juu huyapokea maji ya mvua na ukungu, ukayaachia polepole kuwa chemchemi na vijito. Tangu kale Wapare waliyakinga maji hayo katika mabwawa madogo yaitwayo ndiva, wakiyajaza usiku na kuyafungulia mchana kwa zamu kupitia mifereji hadi mashambani. Mpunga wa Ndungu, ulio tambarare upande wa mashariki, nao hutegemea maji yatokayo mlimani. Msitu ukikatwa, mlimaji wa chini hukosa maji ingawa hakukata mti hata mmoja.

Aidha, mteremko uliojaa maji huweza kuporomoka. Mnamo Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, maporomoko ya ardhi katika eneo la Mamba Miamba, wilayani Same, yaliua watu zaidi ya 20. Mtoto aishiye mlimani anastahili kufundishwa kuutambua mteremko wa hatari: nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, na maji ya kijito yanayogeuka kuwa tope ghafla. Maarifa haya yanaweza kuokoa roho, wala hayafundishiki vema kwa ubao na chaki peke yake.

Matayarisho

Mwalimu azingatie mambo yafuatayo:

(a) Apite njia yote yeye mwenyewe kabla ya siku ya safari, akiandika mahali pa kusimama, mahali pa maji, na mahali pa hatari.

(b) Achague kimo kinachowafaa watoto. Wanafunzi wa darasa la tano hawana haja ya kufika Shengena. Kupanda mita 200 au 300 katika ukingo ulio karibu na shule kwatosha. Safari ya Shengena yawafaa walimu wanafunzi wa chuo, nayo yahitaji kibali, kwa kuwa msitu wa Chome ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu.

(c) Apate ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wazazi, na kila watoto kumi wawe na mtu mzima mmoja. Mzee wa kijiji aijuaye njia na historia ya mahali ni mwalimu mwenzetu. Aalikwe kwa heshima.

(d) Aepuke miezi ya masika na ya vuli, kwani mawe huteleza na ukungu huficha njia. Waondoke alfajiri, na ifikapo saa sita mchana waanze kuteremka, hata kama hawajafika walikokusudia.

Mlimani na baada ya kurudi

Kosa linaloonekana mara nyingi ni mwalimu kuhutubia njia nzima huku watoto wakinakili. Yafaa badala yake awape kila kundi swali moja: jiwe hili lina mistari kwa nini? Miti imebadilikia wapi? Maji haya yanatoka wapi, nayo yanakwenda kwa nani? Watoto waguse, wapime, wachore, wabishane. Mwalimu asiharakishe kujibu. Aulize swali jingine litakalowasogeza mbele.

Wakirudi shuleni, kila kundi lieleze lililoyaona. Darasa zima lichore mchoro mmoja mkubwa wa mlima tangu tambarare hadi juu, ukionyesha miamba, uoto, joto na maji. Kisha wachukue masinia mawili yaliyoinamishwa, moja lenye udongo mtupu na jingine lenye udongo uliooteshwa majani, wamwagie maji kiasi kilekile. Wakiona tope likishuka kutoka sinia la kwanza, watajua kwa nini mwenye shamba la chini anauhitaji msitu wa juu.

Mwalimu mwanafunzi atakayepangiwa shule iliyo mbali na Upare asidhani kwamba makala haya hayamhusu. Palipo na kilima, korongo au bonde la mto, pana somo. Aanze kwa kujiuliza yeye mwenyewe mahali hapo palitokeaje, nani anaishi kwa maji yake, na ni hatari gani iliyopo. Akishapata majibu, awatoe watoto nje wakayatafute.