Kutoka Meza ya Mashtaka Hadi Kiti cha Jaji

Ukiwa na kijana wako mahabusu kwa shtaka la mauaji yaliyotokea katika ugomvi wa mpaka wa shamba la mpunga, iwe Mang'ula au Mngeta, jambo la kwanza utakalouliza Mahakama Kuu ikija kuketi Ifakara ni jina la jaji. La pili, na hili watu huliuliza kwa sauti ya chini, ni kazi aliyokuwa akiifanya kabla ya kuapishwa. Ukijibiwa kwamba alikuwa mwendesha mashtaka, moyo hushtuka. Mtu aliyekula mshahara miaka mingi kwa kuwataka watu wafungwe, je, ataweza kumsikiliza mwanao?

Swali hilo lina haki yake. Dakta Eliezer Feleshi aliteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka mwaka 2008; mwaka 2014 akawa Jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka 2018 Jaji Kiongozi. Aliyempokea kiti cha mashtaka, Biswalo Mganga, naye aliapishwa kuwa jaji Mei 2021. Katiba haioni ajabu. Ibara ya 109 yataka shahada ya sheria na miaka isiyopungua 10 mfululizo ya kuwa hakimu, au wakili, au mtumishi wa umma mwenye sifa za uwakili. Wakili wa Serikali anaingia humo bila kupinda mgongo.

Lakini sifa ya kwenye karatasi si utayari. Mwendesha mashtaka mzoefu anayajua majalada ya polisi kuliko mtu yeyote. Sheria imeweka saa 4 kuwa muda wa kawaida wa kumhoji aliyekamatwa. Anajua maelezo ya kukiri yaliyoandikwa siku ya tatu yananukaje. Pembe za ndovu zikikamatwa kando ya Selous, anajua pa kuuliza nani alizipokea, nani alizitunza, na karatasi ya makabidhiano iko wapi. Kwa maoni yangu, mtu wa namna hiyo ni vigumu kudanganywa na upande aliotoka.

Hatari iko kwingine: katika mazoea ya madaraka. Kwa miaka mingi hati moja tu ya Mkurugenzi wa Mashtaka ilitosha kumfungia hakimu mlango wa dhamana. Mwaka 2015, katika shauri la Jeremia Mtobesya, Mahakama Kuu iliona kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikaafiki. Aliyezoea kalamu yake isihojiwe itambidi ajizoeze kuhoji kalamu za wenziwe wa jana. Kwa hiyo anayetaka kumpima asihesabu kesi alizoshinda. Aulize ni majalada mangapi aliyafunga kwa kuona ushahidi hautoshi, ingawa mkuu wa polisi alikasirika. Kazi hiyo haipigiwi makofi, wala haitangazwi redioni.

Na ikiwa jalada lenyewe liliwahi kupita mezani kwake, hapo hakuna mjadala: ajitoe. Asipojitoa mwenyewe, wakili wa mshtakiwa anaweza kuomba hivyo, tena mapema, kabla shahidi wa kwanza hajaapa, na sababu aitaje waziwazi. Katika shtaka la mauaji mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya Serikali. Mwambieni wakili huyo kila mnalolijua, msimwonee haya kwa kuwa hamkumlipa.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba jaji haketi kusikiliza jinai peke yake. Rufani za Baraza la Ardhi na Nyumba zinakwenda Mahakama Kuu, na bondeni Kilombero ardhi ndiyo mama wa kesi: mkulima na mfugaji, ndugu na ndugu, kijiji na hifadhi. Mirathi ipo, talaka zipo. Mtu aliyeishi na mashtaka ya jinai tangu atoke chuo kikuu huingia humo kama mgeni. Majaji wapya hupewa mafunzo ya awali katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Ila karatasi ya mauziano ya ekari 3, iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi wawili ambao mmoja amekwisha kufa na mwingine amehamia Malinyi, hiyo atajifunza kuisoma hapa hapa Ifakara.