Waya Iliyooza Ndani kwa Ndani

Mita ilisoma volti 12.6 penye ncha za waya, lakini pampu ya kutoa maji ngamani haikugeuka. Nahodha akaamua pampu imekufa, inunuliwe nyingine. Fundi akakataa.

"Mita haili umeme, nahodha. Pampu ndiyo inayokula."

Kauli hiyo haijanitoka akilini. Boti ilikuwa ya dagaa, imepandishwa Malindi, Unguja, kwa kuwa mwezi mpevu ulishakaribia na uvuvi wa taa hutaka giza. Siku kama hizo ndizo za mafundi.

Fundi akaunga pampu tena, akawasha swichi na kupima palepale pampu ikidai umeme wake. Volti zikaporomoka hadi 4. Waya yenye nyuzi kadhaa za shaba, alieleza, ikibakiwa na uzi mmoja tu mzima, bado itaionyesha mita volti kamili, maana mita haivuti kitu. Pampu inavuta ampea kadhaa, na uzi ule mmoja hauwezi kuzipitisha.

Kisha akaipasua ngozi ya waya kwa kisu. Kwa nje ilikuwa nyekundu, laini, mpya kabisa kwa kuitazama. Ndani mlikuwa na unga wa kijani. Akakata, akakuta nyuzi nyeusi. Akasogea kiganja, akakata tena: nyeusi. Alikwenda karibu dhiraa nzima kabla shaba haijang'aa. Maji ya chumvi yalikuwa yameingilia kwenye kiungo kilichofungwa tepu nyeusi ngamani, yakapanda taratibu katikati ya nyuzi, chini ya ngozi, mahali jicho halifiki. Na waya ya chanya ndiyo huliwa zaidi, kwa sababu ikiloa, umeme wenyewe huiyeyusha shaba.

"Wengine wanapiga msasa ncha, wanaunga. Unasafisha nje, katikati ya nyuzi mle utaingiaje?"

Yeye hukata mpaka penye shaba safi. Huweka waya ambayo kila uzi umepakwa bati, hubana viungo kwa koleo lake maalumu, huvivika mpira wenye gundi unaonywea kwa moto, na huvipandisha juu, mbali na ngama. Niliyashika maungio yake. Ni kazi ya mtu anayewafikiria walioko baharini saa nane za usiku, maji yakipanda.

Waya hiyo iliyopakwa bati ni ghali kuliko ile ya nyumbani, na anayelipa ni tajiri mwenye boti, ambaye halali baharini. Siku ile fedha zilitosha waya ya pampu tu. Nyaya za taa, zilizokatwa kwenye roli moja na ile iliyooza, hazikuguswa. Nani basi wa kusema boti isitoke? Nahodha anayeweza kunyang'anywa usukani kesho, au fundi asiye na mamlaka yoyote juu yake?