Vyombo Vilivyopanda Bara Mabegani mwa Watu

Wahenga walinena kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Lakini uko mzigo usiovuja wala kupungua njiani, nao ni chombo cha majini. Chombo kimeundwa kibebe watu. Kikisha kutoka majini, watu ndio hukibeba. Mvuvi wa Lamu alisukumaye dau lake juu ya magogo maji yakiwa yametoka analijua jambo hili. Mvuvi wa Kijaluo wa Dunga, karibu na Kisumu, analijua vile vile.

Mpwani afikapo Kisumu mara ya kwanza hustaajabu. Ziwa Viktoria limeinuka juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na mto wake wa kutokea, yaani Naili, una maporomoko mengi. Hakuna nahodha awezaye kutweka tanga Mombasa akaja kutia nanga Kisumu. Basi, vyombo vya kwanza vya Wazungu vilipita wapi hata vikaelea ziwani? Jawabu ni kwamba vilipita mabegani mwa watu, na wengi wao walikuwa watu wa pwani yetu.

Tutazame mashua ya Stanley, iliyoitwa Lady Alice. Iliundwa Uingereza mwaka 1874, urefu wake futi 40, nayo ilikuwa ya vipande vitano vya kufungwa pamoja. Ilipofika Unguja ikapimwa, na Stanley nusura akate tamaa. Vipande vinne vilikuwa na ratili 280 kila kimoja, yaani frasila nane kamili, na cha tano kilizidi hapo. Kwa desturi ya misafara, pagazi alitwikwa ratili 60 au 70, kama frasila mbili hivi. Ikabidi seremala mmoja Mwingereza aliyekuwapo Unguja aikate na kuipunguza upya ndipo ichukulike.

Lakini uzito si taabu peke yake. Mzigo wa nguo au shanga hukaa juu ya ngata, na pagazi huenda nao apendavyo. Kipande cha mashua hakikubali kichwa kimoja. Hutaka mpiko na watu wa mbele na wa nyuma, wenye kimo sawa na mwendo mmoja. Njia za bara zilikuwa nyembamba, za mtu mmoja mmoja. Penye kona ya miti, wa mbele akipita, wa nyuma hunaswa. Penye mlima, kamba huteleza na mzigo ukamlemea aliye chini. Mmoja akijikwaa, wote wameanguka.

Msafara ule uliondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874, ukafika Kagehi, kusini mwa ziwa, mwisho wa Februari 1875. Mashua ikafungwa pamoja, ikashuliwa majini, na mwezi wa Machi ikaanza kulizunguka ziwa, ikipita pia pwani ya Kavirondo ambayo leo ni ya Kenya. Mshika usukani alikuwa Uledi, mmoja wa waungwana waliotoka Unguja. Mashua hiyo ilibebwa tena hata ikafika mto Kongo, na huko ndiko ilikoachwa juu ya mawe mwaka 1877.

Meli ya William Mackinnon nayo ina kisa chake. Iliundwa Scotland mwaka 1890, lakini vipande vyake vilifika Mombasa katikati ya miaka ya 1890. Reli ilikuwa bado haijafika ziwani, na safari ya bara ikategemea wachukuzi. Baadhi ya vipande vilipotea njiani. Hapo nafuu ya mchukuzi ikawa hasara ya fundi, kwani meli haiungwi kwa vipande pungufu. Ikashuliwa Kisumu mwezi wa Juni 1900, mwaka mmoja na nusu kabla ya reli kufika huko tarehe 20 Desemba 1901.

Tangu hapo garimoshi likashika kazi ya bega. Meli ya Winifred ililetwa kwa vipande ikashuliwa mwaka 1902, na Sybil ikafuata. Hata MV Victoria, iliyoundwa Glasgow mwaka 1959, ilifunguliwa ikatiwa alama kila kipande, ikaletwa Kisumu na kuunganishwa, ikaanza kazi mwaka 1961.

Lakini msomaji asidhani kwamba watu wa pwani walijua kubeba tu. Stanley alipofika ziwani mwaka 1875, alimkuta mfanyabiashara wa pwani aitwaye Songoro akiunda jahazi huko Ukerewe. Yeye hakuchukua chombo kutoka baharini. Ufundi aliutia kichwani, nao hauna frasila. Mbao zilikuwa huko huko. Naam, hata leo mtu akisimama ufuoni Mfangano au Rusinga ataona mashua za wavuvi zenye tanga la pembe tatu, akafikiri yuko Shela.

Wenyeji nao walikuwa na ufundi wao. Mitumbwi ya mbao ya asili ya Sese, upande wa Uganda, ilishonwa kwa nyuzi bila misumari, kama ulivyoshonwa mtepe wa Lamu na Pate kwa kamba za makumbi. Watu wawili wasioonana waliuliza swali moja, wakapata jawabu moja.

Meli zile zilipewa majina ya wakubwa na mabibi wa Kizungu. Mackinnon mwenyewe alikuwa mkuu wa kampuni iliyotawala sehemu hizi, na alikufa mwaka 1893, kabla ya chombo chenye jina lake kugusa maji ya ziwa. Jina la pagazi halikuandikwa ubavuni mwa meli hata moja. Lililobaki ni neno la kazi, harambee, ambalo wachukuzi na mabaharia walilijua kabla Mzee Kenyatta hajalifanya neno la taifa. Wazee wetu wa Bagamoyo, Unguja na Mombasa walililipia kwa mabega. Mwenye babu aliyepanda bara na mizigo na amwulizie habari zake angali na wa kumwuliza, kwani mashua zilihesabiwa vipande, na waliozichukua hawakuhesabiwa.